Dawa Inamezeka, Siri Haimezeki

Kila mwaka ikifika katikati ya Desemba, barabara ya lami inayotoka Himo, ikapanda Marangu hadi Mwika na kuendelea Rombo, hujaa kuliko msimu mwingine wowote. Mchaga popote alipo hurudi kwao kula sikukuu. Magari yenye vumbi la Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata Nairobi hupandisha mlima usiku na mchana. Huko juu mbege imeshaiva, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, na watoto waliozaliwa mjini wanaonyeshwa kaburi la babu yao lililo pembeni ya migomba, limezungushiwa masale.

Katika mabegi yanayoshushwa kwenye magari hayo yamo pia makopo ya dawa yaliyobanduliwa lebo. Wapo wanaohamishia vidonge kwenye kopo la vitamini, na wapo wanaovifunga kwenye karatasi ili visipige kelele begi likitikiswa. Ukilala chumba kimoja na mawifi na mabinamu kwa wiki mbili, kumeza kidonge kila usiku bila kuulizwa kunahitaji ujanja.

Anayelibeba kopo hilo ana nguvu za kubeba gunia la mchele toka kwenye gari hadi jikoni. Miaka 25 iliyopita mtu mwenye virusi vya UKIMWI kama yeye angerudi Mwika kwa sababu moja tu, kuuguzwa na mama yake hadi mwisho. Hayo ni mabadiliko makubwa, na mara nyingi watu husahau kuyasherehekea. Lakini kopo bado halina lebo. Kwa mtu mzima, kuficha ni mzigo anaoubeba mwenyewe. Mtoto yeye hawezi kwenda kliniki peke yake, hawezi kuomba apimwe, hajui kidonge kinaitwaje. Siri ya mtu mzima ikiingia katika maisha ya mtoto hugeuka ugonjwa.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeshatoa taarifa ya wagonjwa, Kilimanjaro ikiwemo. Mitaani vijana walizichambua herufi za jina la Kiingereza la ugonjwa wakapata "Acha Iniue, Dogedoge Siachi", na wengi walicheka kabla ya kuanza kuzika.

Kilimanjaro ugonjwa ulisafiri na watu. Kwa muda mrefu vihamba, mashamba ya ukoo, vilikuwa vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vikabaki vipande visivyotosha kuoa wala kulisha, na bei ya kahawa haikuwa ya kutegemewa. Kijana wa Mwika, Mamba au Kilema alishuka kutafuta maisha: duka Dar es Salaam, biashara ya mitumba Arusha, mashimo ya tanzanite Mererani. Mwanaanthropolojia Mmarekani Philip Setel, aliyefanya utafiti mkoani humo mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1999 kikieleza jinsi uhaba wa ardhi, kuhamahama na biashara vilivyoyapa maambukizi njia. Wazee vijijini walikuwa na maelezo yao mafupi zaidi: ni tamaa, ni mambo ya mjini. Maelezo hayo yalikuwa na kasoro moja kubwa. Yalimsahau mke aliyebaki kihambani akiwakatia ng'ombe majani, ambaye hakuwahi kupanda basi kwenda popote, na bado alikutwa na virusi.

Wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kuacha kunong'ona. Mwaka 1990 mjini Moshi kilianzishwa KIWAKKUKI, Kikundi cha Wanawake wa Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI. Walitembea nyumba kwa nyumba kuwaona wagonjwa ambao hata ndugu waliogopa kuwashika, wakawafundisha wanafamilia kumhudumia mgonjwa bila hofu, wakawasomesha yatima. Baadaye walifungua huduma ya ushauri nasaha na kupima, na hapo ndipo ulipopatikana ushahidi unaostahili kukumbukwa kila watu wanaposema kwamba wanakijiji hawataki kupima. Watafiti walilinganisha siku ambazo wateja walilipa ada ya kawaida na wiki mbili ambazo upimaji ulitangazwa kuwa bure. Wateja walipanda kutoka wastani wa 4.1 kwa siku hadi 15. Ada iliporudishwa walishuka, lakini wakabaki 7.1, juu ya pale walipoanzia. Kumbe kizuizi hakikuwa woga peke yake. Nauli na ada vilikuwa na neno lao.

Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa mwaka 2003-04 ulikuta Watanzania 7 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi. Rais Benjamin Mkapa alikuwa ameshatangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, ikaundwa 2001. Dawa za bure zilianza kutolewa na serikali mwaka 2004. Kabla ya hapo, mwenye kuzipata alikuwa mwenye fedha.

Ili kuelewa kwa nini mtoto na mtu mzima hawaugui sawasawa, ni lazima kuangalia virusi vinafanya nini. Virusi vya UKIMWI, yaani VVU, haviui kwa mkono wao wenyewe. Vinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, vinazitumia kuzaliana, kisha vinaziharibu. Chembe hizo katika kinga ya mwili ni kama mpiga pembe wa kijiji cha zamani: yeye hapigani sana, kazi yake ni kuwaita wenye mikuki. Akinyamazishwa, adui anaingia mchana kweupe na hakuna anayetoka nyumbani.

Mtu mzima mwenye afya ana CD4 kati ya 500 na 1,500 katika tone dogo sana la damu, milimita moja ya ujazo. Virusi huzipunguza polepole. Bila dawa, inaweza kuchukua miaka minane hadi kumi kabla mtu hajafika katika hatua ya UKIMWI wenyewe, ambapo CD4 zinashuka chini ya 200. Katika miaka hiyo yote anaweza kulima, kuoa, kuzaa na kucheza ngoma harusini. Ndiyo maana macho hayapimi VVU.

Kisha dalili huanza kubisha hodi. Mkanda wa jeshi, yale malengelenge yenye maumivu makali yanayofuata ubavu mmoja, ulikuwa zamani ndiyo ishara ya kwanza iliyowafanya majirani watazamane. Utando mweupe mdomoni. Kuhara kusikokoma. Homa za usiku na jasho la kulowesha shuka. Kifua kikuu ndicho kilichoua wengi kuliko yote, na ndicho kinachoendelea kuua wengi zaidi miongoni mwa wenye VVU duniani. Mkoa wa Kilimanjaro unakijua kifua kikuu tangu enzi za ukoloni. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoko Siha upande wa magharibi wa mlima, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya ugonjwa huo. Wengi wana vimelea vya kifua kikuu vilivyolala mwilini bila kuwadhuru maisha yao yote. Kinga ikianguka, vimelea huamka.

Kuna magonjwa ambayo watu wa kawaida hawakuyasikia kabla ya UKIMWI: fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo na kuleta kichwa cha kupasuka, saratani ya Kaposi inayotoa mabaka ya rangi ya zambarau kwenye ngozi. Wanawake wenye VVU wako katika hatari ya kupata saratani ya shingo ya kizazi mara sita kuliko wasio na virusi, jambo ambalo bado halisemwi vya kutosha kliniki, na ni jambo linalozuilika kwa uchunguzi wa mara kwa mara.

Sasa weka mwili huo ndani ya kihamba. Baba anapolala kitandani miezi mitatu, kahawa haipogolewi. Mama anamuuguza, kwa hiyo majani ya ng'ombe hayakatwi, maziwa yanapungua, na ng'ombe mwenyewe anauzwa ili kulipia hospitali. Mtoto mkubwa anaacha shule kwanza kwa siku za sokoni, halafu kabisa. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kwenye nyumba nyingi za mlimani palibaki bibi na wajukuu, kizazi cha katikati kikiwa kimelala chini ya migomba. Bibi aliyezoea kupikiwa mtori na wakwe zake alianza upya kuamka usiku kubembeleza kichanga.

Na baadhi ya vichanga hao walikuwa wagonjwa.

Mtoto haambukizwi baada ya kinga yake kukomaa. Anaambukizwa wakati kinga hiyo ndiyo kwanza inajengwa: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Bila dawa yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya kila 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU huambukizwa. Virusi katika damu ya kichanga hupanda juu mno na kubaki juu. Ile miaka minane hadi kumi aliyopewa mtu mzima, yeye hana. Bila matibabu, theluthi moja ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nusu hawafiki siku ya kuzaliwa ya pili.

Wengi hufa kwa nimonia, hasa aina moja inayosababishwa na kimelea kisichomsumbua mtoto mwenye kinga nzuri, ambayo hupiga mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Kijijini hilo huonekana kama kifua cha kawaida cha baridi ya mlimani. Mtoto anapumua haraka, anakataa ziwa, midomo inakuwa ya bluu, na siku mbili baadaye watu wanachimba kaburi dogo, hakuna aliyetaja UKIMWI. Ndiyo sababu watoto waliozaliwa na mama mwenye VVU hupewa dawa ya septrini kila siku tangu wiki ya nne au ya sita, hata kabla ya kujulikana kama wameambukizwa.

Wanaopona hatua hiyo hubaki na alama. Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki, unaopaswa kupanda, unalala bapa halafu unashuka. Masikio yanatoa usaha mwezi baada ya mwezi. Matezi ya mashavuni yanavimba. Mtoto anachelewa kukaa, kutembea, kusema, kwa sababu virusi huingia hata kwenye ubongo unaokua. Wakifika darasa la saba ni wafupi kuliko wenzao, na balehe inawachelewa. Mapafu yaliyopigwa na nimonia nyingi hayarudi kamili. Wapo vijana wanaotweta kwa kupanda kilima ambacho bibi yao anakipanda na mzigo wa kuni kichwani.

Dawa ya haya yote ilishajulikana. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia dawa watoto mara tu wanapogundulika, bila kungoja CD4 zishuke, kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Matokeo hayo yalibadilisha miongozo ya dunia nzima. Kinachobaki kuwa kigumu ni kumgundua mtoto mapema.

Kipimo cha haraka anachopimwa mtu mzima hakifai kwa kichanga, kwa sababu kinatafuta kingamwili, na mtoto hukaa na kingamwili za mama yake hadi miezi 18. Kichanga anahitaji kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, na kwa kawaida hufanywa akiwa na wiki nne hadi sita. Muuguzi humweka mtoto mapajani mwa mama, akaupasha mguu joto kwa mkono, akasafisha kisigino na kukichoma pembeni kwa sindano fupi. Damu haivutwi kwa bomba. Inadondoshwa tone moja moja kwenye karatasi ngumu nyeupe yenye viduara, kila duara lijae. Karatasi inaachwa ikauke kivulini, inafungwa na kupelekwa maabara. Mama anapewa tarehe ya kurudi. Zoezi la kutoa damu halifiki nusu saa, na mtoto huwa amenyamaza kabla karatasi haijakauka.

Wiki ya sita, kwa Mchaga, ina mambo yake. Kwa mila mama aliyejifungua hukaa ndani miezi mitatu. Halimi, hapiki, hatembei. Anapelekewa mtori, kitawa na maziwa, ananona, na mama mkwe ndiye msimamizi wa kila kitu. Siku hizi mapumziko hayo yamefupishwa, hasa kwa walioajiriwa, na chanjo humlazimu mama kutoka. Lakini mwenye kuongozana naye kliniki mara nyingi ni mama mkwe huyo huyo, na swali la kwa nini mwenetu anachomwa kisigino wakati wengine wanachomwa paja linahitaji jibu palepale.

Jibu la miaka ya mwanzo lilikuwa gumu zaidi. KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, ilikuwa miongoni mwa hospitali tano zilizofanyiwa majaribio ya kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto kuanzia mwaka 2000. Wakati huo kina mama walielezwa kuwa ziwa lao lina hatari, wakatakiwa kuchagua: maziwa ya ng'ombe au ya kopo tangu mwanzo, au maziwa ya mama peke yake bila hata tone la maji, kisha kuachisha ghafla. Mkunga na mtafiti Sebalda Leshabari pamoja na wenzake walizungumza na akina mama hao mjini Moshi, na walichochapisha mwaka 2007 kinasomeka kama mashtaka dhidi ya ushauri unaotolewa bila kuangalia nyumba ya anayeshauriwa. Mwanamke asiyenyonyesha alikuwa amejitangaza. Mwanamke aliyekataa mtoto asipewe maji au uji alionekana ana lake. Mama aliyedhamiria kufuata maelekezo kliniki alirudi nyumbani akakuta maamuzi hayako mikononi mwake.

Mambo yamebadilika na kuwa mepesi. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha bila kujali CD4 zake, na tangu 2016 kila anayekutwa na virusi, mjamzito au la, anaanzishiwa dawa. Mama anayemeza dawa vizuri, virusi vikafubazwa, ananyonyesha kama jirani yake: maziwa peke yake miezi sita, kisha ziwa na chakula. Mtoto anapewa dawa ya kinga katika wiki zake za kwanza. Kwa utaratibu huo maambukizi yanaweza kushushwa chini ya asilimia 5. Mwanamke mwenye VVU wa Mwika anaweza kukaa uzazini miezi mitatu, akala mtori, akanyonyesha mbele ya wifi zake wote, na asijulikane. Huenda hakuna mabadiliko ya kitabibu yaliyoheshimu maisha ya kijiji kuliko hili.

Hata dawa yenyewe ya mtoto imekuwa ya kibinadamu. Kwa miaka mingi watoto wadogo walipewa dawa ya maji yenye lopinaviri, chungu kupita kiasi, yenye kilevi ndani, na yenye kuhitaji kutunzwa kwenye ubaridi. Bibi asiye na friji alifukia chupa kwenye mchanga wenye unyevu au kuiweka pembeni ya mtungi. Mtoto alitapika, bibi akarudia, mtoto akatapika tena. Siku hizi kuna kidonge kidogo cha dolutegraviri chenye ladha ya stroberi, kinachoyeyushwa kwenye maji ya kijiko, kinachoweza kutumika kuanzia wiki ya nne ya maisha. Gharama ya kumtibu mtoto mmoja kwa mwaka nayo ilishuka sana.

Basi kwa nini watoto bado wanabaki nyuma? Takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023 zinasema watu wazima 77 kati ya kila 100 wenye VVU duniani walikuwa kwenye dawa, watoto ni 57 tu. Watoto ni kama asilimia 3 ya wote wanaoishi na virusi, lakini ni asilimia 12 ya wanaokufa kwa UKIMWI. Februari 1 mwaka huo huo wawakilishi wa nchi 12 za Afrika walikutana Dar es Salaam, Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, akiwa mwenyeji, wakatoa azimio la kumaliza UKIMWI kwa watoto ifikapo 2030.

Jibu la swali hilo haliko kwenye azimio, liko majumbani. Baba anachukua dawa Mererani na mkewe hajui. Mke anachukua dawa Himo na mama mkwe hajui. Anayeishi Mwika anapita hospitali ya Kilema au anaelekea Huruma kule Rombo, au anashuka zaidi ya kilomita 40 hadi Moshi mjini, apate kliniki ambayo hatakutana na mtu wa kanisani kwake. Nauli ikikosekana, anaruka mwezi. Na mtoto mwenye miaka mitatu anayekohoa nyumbani hapimwi, kwa sababu kumpima ni kukiri.

Mwaka 2011 siri hizi zilipata mahali pa kupumulia, kwa bahati mbaya. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu, alitangaza katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwamba ameoteshwa dawa ya kuponya magonjwa sugu, UKIMWI ukiwa mmojawapo. Kikombe kimoja, shilingi 500. Magari kutoka kila kona, Kilimanjaro ikiwemo, yalijipanga kwenye foleni iliyofika zaidi ya kilomita 20. Mawaziri walikunywa, maaskofu walikunywa. Ni rahisi leo kuwacheka. Lakini kikombe cha Babu kilikuwa na kitu ambacho kliniki haikuwa nacho: kila mtu alikunywa, mwenye kisukari, mwenye pumu na mwenye virusi, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ana nini. Waliomeza kikombe na kuendelea na vidonge hawakudhurika. Walioacha vidonge walirudi hospitalini virusi vikiwa vimepanda, na wengine hawakuwahi kurudi. Mwasapile mwenyewe alifariki Julai 2021. Hakuna aliyethibitika kuponywa VVU kwa kikombe hicho.

Kundi linaloteseka zaidi na siri leo ni vijana waliozaliwa na virusi na wakaokolewa na dawa za 2004 na kuendelea. Wengi walikua wakiambiwa vidonge ni vya kifua, au vya moyo, au ni vitamini. Bibi hakudanganya kwa ubaya. Alijua mtoto wa miaka saba hawezi kutunza siri shuleni. Lakini mtoto wa miaka 13 anajua kusoma bango la ukutani kliniki. Anaunganisha mwenyewe kifo cha mama, tarehe za kliniki, na ile sauti inayoshuka anapoingia jikoni. Wengine huacha dawa kwa hasira, wengine kwa sababu bweni lina vitanda 40 na hakuna pa kufungulia kopo. Mkoa unaojivunia shule za bweni una wajibu wa kulifikiria jambo hili kuliko mikoa mingine. Dawa ikirukwarukwa virusi hujenga usugu, na dawa inayofuata ni ghali na ngumu zaidi.

KCMC kwa miaka kadhaa imekuwa na kliniki ya vijana ya siku ya Jumamosi, siku isiyowaondoa darasani. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa Sauti ya Vijana, uliobuniwa na watafiti wa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, akiwemo daktari bingwa wa watoto Blandina Mmbaga. Vijana hukutana kwa vipindi 10 vya kikundi, viwili kati yake wakiwa na walezi wao, na viwili vingine vya mmoja mmoja, wakiongozwa na vijana wenzao waliopewa mafunzo. Wanaongea juu ya huzuni, msiba, mapenzi, na namna ya kumwambia mtu. Madaktari wengi wa kizazi kilichopita wangeona hayo ni maneno tu. Kwa kijana ambaye kidonge chake kimekuwa ishara ya kila kitu alichonyimwa kuambiwa, maneno ni sehemu ya tiba.

Hali ya nchi kwa jumla ni nzuri kuliko ilivyowahi kuwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea wana VVU, kama watu milioni 1.5. Kati ya kila 100 wenye virusi, wapatao 83 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya wanaojua, karibu wote, 98, walikuwa kwenye dawa. Na kati ya walio kwenye dawa, 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Ambaye virusi vyake vimefubazwa kiasi kwamba kipimo hakivioni hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kilimanjaro ilikuwa na asilimia 3.8 ya maambukizi katika utafiti wa 2011-12 na 2.6 katika ule wa 2016-17, chini sana ya Njombe iliyokuwa na zaidi ya 11. Hata hivyo watu 60,000 hivi walikadiriwa kuambukizwa upya nchini kwa mwaka mmoja. Na wanaume, kama kawaida yao, hufika kliniki wakiwa wameshakonda.

Fedha ndiyo wasiwasi mpya. Sehemu kubwa ya dawa na mishahara ya wahudumu ililipwa na wafadhili, Marekani ikiongoza. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje ghafla, wahudumu wengi wa miradi katika nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, walibaki bila kazi, na wagonjwa wakaanza kuulizana kama makopo ya mwezi ujao yatakuwepo. Tangu 2002 wapanda mlima wamekuwa wakikwea Kilimanjaro kila mwaka katika harambee ya mgodi wa Geita kuchangia vita dhidi ya UKIMWI. Ni jambo jema, ila mlima hauwezi kubeba bajeti ya taifa. Bunge na Wizara ya Fedha ndio wenye deni hilo.

Kwa mzazi au mlezi anayesoma haya: kama wewe au mwenzako mnatumia dawa, wapimeni watoto wote mliozaa, hata aliye darasa la sita na hajawahi kuugua, kwa kuwa wapo waliofika umri huo bila kugunduliwa. Mjukuu aliyeachwa na wazazi wasiojulikana waliugua nini naye apelekwe. Kijana aliyetimiza miaka 15 anaweza kupima bila ruhusa ya mzazi, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019. Kupima ni bure, dawa ni bure, na kliniki inaweza kumpa mgonjwa aliye imara dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, kwa hiyo anayesafiri sikukuu aseme mapema.